Tambi Hazifunikwi

Tambi mbichi ukizifunika umeziua. Hilo nilifundishwa na bibi mmoja wa Kiitaliano aliyenichapa kofi mkononi, na ndilo jambo pekee nililokataa kuifundisha nyumba ya mwanamume aliyeniibia mbio yangu. Watu wa kanisa letu hapa Kimumu wanajua nina kitu moyoni, na kila mara husimama mmoja akahubiri juu ya kusamehe huku macho yake yako kwangu. Naitikia amina kama wengine. Halafu narudi nyumbani, nafungua friza, naziangalia pakiti zangu zimelala kwa safu, na hapo ndipo napata amani yenyewe.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati mtaniona mimi ndiye mbaya.

Nilikuwa mkimbiaji. Si yule wa kupokewa na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, uwanja wa ndege, hapana. Mimi nilikuwa sungura. Katika mbio ndefu sungura ni yule anayewekwa mbele awavute wengine kwa kasi iliyopangwa. Anawakatia upepo, anaangalia saa, anahesabu pumzi zake na zao, kisha kabla ya mstari wa mwisho anatoka kando ya barabara, anashika magoti, na pikipiki ya kamera inampita. Hakuna anayeuliza ameenda wapi. Kesho yake gazeti linaandika jina la aliyekuwa nyuma yake.

Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa rafiki yangu. Tulifanya mazoezi pamoja kwenye matope ya Kaptagat, tukalala chumba kimoja, tukapika ugali kwenye sufuria moja, na asubuhi yule aliyeamka kwanza alimrushia mwenzake viatu. Mimi nilikuwa na saa kichwani; yeye alikuwa na miguu ya kumalizia. Nilimvuta mbio nyingi, na kila aliposhinda nilifurahi kweli. Nasema hivyo ili mjue sikuzaliwa na chuki. Nilitengenezwa.

Meneja wetu, mzungu mmoja wa maneno machache, alitupeleka Italia msimu mzima. Tulikaa nyumba ya ghorofa pamoja na wakimbiaji wengine. Siku moja akaniita, akaniambia kwamba kuna mbio moja mwishoni mwa msimu ambayo nitakimbia mwenyewe. Si kama sungura. Kwa jina langu kifuani, mpaka mstarini. Nilimpigia mama yangu simu, na kabla jua halijatua kijiji chetu chote cha Chepsaita kilikuwa kimejua. Mama alianza hata kutafuta kibuyu cha mursik cha kunipokea.

Kisha mshipa wa kisigino ukavimba. Haukuwa umevimba sana. Ulikuwa uvimbe wa kuwekea maji baridi usiku na kunyamazia mchana, na mkimbiaji yeyote atakuambia kwamba nusu ya kazi yetu ni kunyamazia miguu. Nilimwambia mtu mmoja tu. Yeye ndiye aliyenichotea maji baridi kwenye ndoo, akakaa kitandani kwake akinisimulia vichekesho ili nisisikie uchungu. Kesho yake asubuhi meneja akaniita na kuniambia amesikia mguu wangu ni mbaya, hawezi kuweka mtu mgonjwa barabarani, pole sana. Nafasi yangu akampa rafiki yangu.

Alishinda. Alirudi Eldoret kwa magari na vuvuzela, akanyweshwa mursik mbele ya kamera, akanunua shamba Kaptagat. Hapa kwetu mtu akikufanyia hivyo tunasema amekuchoma. Mama yangu alikirudisha kile kibuyu juu ya kabati bila kusema neno, na huyo mama alikuwa mtu wa maneno.

Sikumuuliza rafiki yangu. Mngeuliza ninyi? Ukiuliza, mtu anakupa jibu, na jibu likishatoka huna tena cha kushika. Nililiweka swali langu mahali pake.

Basi wakati yeye akipigwa picha, mimi nilibaki katika ile nyumba mguu ukiwa juu ya mto. Chini yetu aliishi bibi mmoja mjane. Alinisikia nikichechemea kwenye ngazi, akanifungulia mlango na kuniita kwa kidole. Hatukuwa na lugha. Alinipa aproni ya marehemu mume wake, akanipa mti wa kusukumia mrefu kama mkono wangu mzima, akamwaga unga mezani, akachimba shimo katikati na kupasua mayai humo. Ndivyo nilivyomaliza msimu wangu wa Italia. Wengine walirudi na medali. Mimi nilirudi na ule mti, umefungwa ndani ya suruali ya mazoezi.

Siku nilipokata tambi zangu za kwanza zikatoka vizuri, nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilitafuta kitambaa safi nikazifunika. Kwetu chakula kinafunikwa. Mama akishapika chapati anazifungia kwenye kitambaa, anazitia kwenye hotipoti, na mgeni akija jioni anazikuta laini na bado zina moto. Chakula kilichoachwa wazi ni cha mbwa, au ni cha nyumba ambayo mwanamke wake ameshindwa. Bibi aliponiona alinichapa kofi mkononi. Kofi la kweli. Akakiondoa kitambaa, akanishika kidole na kukigandamiza juu ya tambi ili nisikie: zilikuwa zimeanza kutoa jasho na kushikana.

Ndipo akanionyesha. Unazinyunyizia unga mwingine, ule wenye chengachenga, si ule laini. Unazizungusha vidoleni zikawa kama viota vidogo. Unazipanga kwenye sinia zisigusane, unaziacha wazi hewani mpaka ukizigusa hazikung'ang'anii. Kisha sinia nzima inaingia kwenye friza hivyo hivyo, wazi. Zikishakuwa ngumu kama kokoto ndipo unazitia kwenye mfuko, unakamua hewa yote, unafunga. Siku ya kula huziyeyushi. Zinatoka kwenye barafu na kuingia moja kwa moja kwenye maji yanayotokota. Ukiziyeyusha umepika uji. Na ukizifunika mbichi, tena mahali penye joto, basi hata uji hukupata.

Nilirudi nyumbani, mguu ukapona nusu, mbio zikaniacha. Nilioa mwalimu wa shule ya msingi, tukajenga hapa Kimumu, nikanunua friza kuukuu kwa mtu aliyekuwa anafunga bucha yake. Ule unga wa chengachenga sikuupata madukani, kwa hiyo nikawa natumia unga wa mahindi wa posho mill, ule usiochekechwa, na unafanya kazi vizuri kabisa. Mayai yetu ya kienyeji yana kiini chekundu, na tambi zangu zinatoka na rangi ambayo hata bibi angeipenda. Shida yetu ni maji tu. Huku juu maji yanatokota kivivu, yanapiga kelele nyingi na joto ni kidogo, kwa hiyo lazima uwe na subira nayo jikoni.

Mke wangu alicheka mwaka mzima. "Mwanaume mzima," alisema, "kutwa anasuka nywele za unga." Lakini alikula. Majirani nao wakaja kuonja, wakaanza kuagiza za kipaimara na za siku za kuzaliwa.

Ndipo rafiki yangu akaja.

Alikuja na gari refu likaziba njia yetu yote. Alikuwa amenenepa vizuri, unene wa mtu anayekula bila kuhesabu kilomita. "Chamgei, sungura wangu," akanisalimia getini, na akanikumbatia. Amejenga kambi Kaptagat, akasema, ya wakimbiaji wa ng'ambo wanaokuja kutafuta hewa nyembamba. Vyumba viko, njia za msituni ziko, kimebaki chakula. Wazungu wa mbio wanataka tambi, na yeye amesikia mtu wa tambi katika Eldoret hii ni mmoja. "Jiko ni lako," akasema. "Si kwa leo tu. Nakuweka msimamizi wa jiko lote. Utaamuru wewe."

Nilipaswa kumfungia geti pale pale. Badala yake nilifurahi. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi kama mtoto aliyepewa viatu vipya. Nilijiona nimesimama katika jiko kubwa lenye dirisha la kutazama msitu, aproni yangu imepigwa pasi, watu wakiniuliza kinachofuata. Nilitaka kitu ambacho ningekianza na kukimaliza mwenyewe. Mke wangu alipouliza kama nimesahau, nilimwambia labda mtu anatubu kwa vitendo. Akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Nikaenda Kaptagat kila siku. Jikoni nilimkuta mke wa rafiki yangu, mama mmoja nadhifu, mtu wa kanisa, ambaye hata jagi la maji kwake lina kitambaa cha kufuma juu yake. Sina neno baya juu yake. Katika jiko lake hakuna kijiko kilicholala wazi. Kwenye rafu alikuwa amepanga hotipoti kubwa kwa ndogo, zinang'aa, kama nyumba inayosubiri arusi. Chini yake walikuwepo wasichana wa kupika. Niliwafundisha wote: kukanda, kupumzisha donge, kusukuma mpaka uone mkono wako upande wa pili, kukata, kuchemsha, kutengeneza mchuzi wa nyanya usiokuwa na royco. Walikuwa wepesi. Mama naye alisukuma unga kwa mikono ya mtu aliyepika chapati maisha yake yote, na baada ya muda mfupi alikuwa akinishinda.

Kitu kimoja tu hawakukiona. Friza ya kambi ilikuwa haijaletwa, ilikuwa inatarajiwa kila wiki. Kwa hiyo kila alasiri tulipomaliza kukata, nilibeba masinia yangu kwenye pikapu ya kambi mpaka Kimumu, nikazianika mezani kwangu, nikazigandisha kwenye friza yangu mwenyewe. Unga mwingi ulikuwa wangu, mayai yalikuwa ya kuku wangu. Nilisema ni akiba ya kuanzia jiko langu. Kesho yake nilirudi na masinia matupu. Hawakuuliza zinafanywa nini usiku, nami sikuona haja ya kueleza. Wakati huo sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilidhani tuna muda.

Wageni wa kwanza wakakaribia. Kundi lilikuwa na kocha wao, na rafiki yangu alikuwa hatulii mahali. Huyo kocha akiipenda kambi ataleta watu wake kila mwaka na kuwaambia wenzake. Akiichukia, vyumba vitalala na popo. Chakula cha kuwakaribisha kilikuwa ni tambi za mkono, alishawatumia picha.

Siku moja kabla hawajafika tulikata nyingi kuliko siku zote. Meza nzima ilijaa. Nilikuwa nanawa mikono nilipoitwa nje, kando ya tangi la maji.

"Umefanya kazi nzuri," akaniambia. "Wasichana sasa wamejua, na mama ndiye anawapita wote. Kwa hivyo nimeona kesho wewe usijisumbue."

Nikamuuliza kesho tu ama vipi.

Akakuna shingo. "Unajua jiko ni mambo ya akina mama. Wageni wakiingia wakute mwanaume mzima na aproni, watauliza maswali. Tutakuita kukiwa na kitu kikubwa." Kisha akacheka, akanipiga bega. "Sungura umetuvuta vizuri. Sasa toka kando, tumalizie."

Alisema kama utani, na mimi nilicheka. Nimejilaumu kwa mengi, lakini kile kicheko kimenishinda. Nilijua haikuwa kwamba amebadili mawazo siku hiyo. Hakuna jiko lililowahi kuwa langu. Alikuja Kimumu akijua mahali atakaponitoa, kama meneja anavyomjua sungura wake.

Nilirudi ndani kuchukua ule mti wangu. Mama alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono kiunoni, anazitazama tambi. Hakuwa na habari ya yaliyosemwa nje, au kama alikuwa nayo aliificha vizuri. "Leo gari halitakupeleka," akasema, "sasa hizi tunaziweka wapi mpaka kesho jioni? Zisikauke, mgeni asile kitu kikavu."

Nikaitazama ile rafu. Hotipoti zote zilikuwa pale, safi, na vitambaa vyake vimekunjwa pembeni. Jiko la kuni lilikuwa bado linawaka kwa ajili ya chai ya jioni, na chumba kilikuwa na joto zuri la kumfanya paka alale. Niliyaona yote yatakayotokea kama mtu anayetazama mvua ikivuka bonde. Sentensi moja tu ingetosha. Ilikuwa mdomoni, nilikuwa naionja.

"Mama," nikamwambia, "kuweka chakula cha mgeni wewe unajua kuliko mimi."

Nikafunga mti wangu kwenye aproni, nikaenda barabarani kutafuta boda.

Nilipomsimulia mke wangu, hakucheka. "Na huyo mama amekukosea nini?" akauliza. "Na wale wasichana?"

"Hawajanikosea."

"Sasa?"

"Sasa akimwaga mboga, mimi namwaga ugali."

"Ugali wa nani?" akasema, akaenda kulala. Mimi nilikaa sebuleni nikifikiria vile vifuniko vikifungwa kimoja kimoja, kwa upendo, na nilisikia utamu ambao sikuusikia hata siku nilipopata mtoto wa kwanza. Mungu anajua. Siwezi kumficha.

Rafiki yangu alikuja kesho yake alasiri. Nilisikia gari kabla sijaliona. Wageni walikuwa wamefika, wako msituni wananyoosha miguu, na chakula kilikuwa saa moja jioni. Aliyasema hayo getini akiwa hajashuka vizuri. Walikuwa wamefungua hotipoti ya kwanza wakakuta kitu kimoja, kijivu, chenye maji chini na harufu ya yai. Wakafungua ya pili. Wakafungua zote. Wasichana walijaribu kuzivuta zikatoka vipande, wakajaribu kuchemsha zikawa gundi. Mama alilia. Wakakumbuka kwamba nilikuwa nikibeba masinia kila siku.

"Zile ulizobeba," akasema. "Zimebaki?"

"Ingia uone."

Nikampeleka mpaka kwenye friza nikaifungua. Ilikuwa imejaa mpaka juu, pakiti kwa pakiti, viota vya manjano, kila kimoja peke yake, na unga wake bado umekishika. Zingetosha kambi yake yote wakala na kuongeza. Nilimwacha atazame vizuri mpaka ule moshi wa baridi ukampanda usoni. Nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu.

Kisha nikafunga.

"Kaa chini," nikamwambia. "Mtu haji kwangu akaondoka na njaa."

"Ndugu yangu, sina muda."

"Muda upo. Maji ya huku ni ya subira."

Alikaa, afanyeje. Nilibandika sufuria, nikatia chumvi, nikasimama nikisubiri yatokote. Simu yake ililia mezani ikanyamaza, ikalia tena. Mke wangu alitokea mlangoni, akamsalimia kwa heshima, akanitazama mimi. "Mpe," akaniambia polepole. Nikatoa viota vya sahani moja, nikavitia kwenye maji. Niliviandaa kwa siagi na jibini kidogo, kama bibi alivyovipenda, nikamwekea na uma. Alikula haraka kama mtu anayelipa faini. Halafu katikati akapunguza mwendo. Nilimwona akizisikia. Zilikuwa nzuri, hata yeye hakuweza kukataa.

Hapo ndipo nilipolitoa swali langu. "Nani alimwambia meneja kuhusu mguu wangu?"

Alitafuna, akameza. "Aliniuliza mwenyewe. Ningedanganya?"

"Hakukuuliza. Hakujua kuna la kuuliza."

Simu ililia tena. Aliigeuza uso chini. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu miaka ile niliuona uso wa yule kijana wa kunirushia viatu asubuhi.

"Ni mimi," akasema. "Ulikuwa unaitaka hiyo mbio. Na mimi nilikuwa naitaka."

Hakuomba msamaha. Pengine angeomba ningelegea. Sijui, na sitaki kujua. Akasogeza sahani. "Basi tumemaliza. Nipe nizipeleke, jiko litakuwa lako, nakuapia kwa mama yangu."

"Maliza chakula kwanza."

Akamaliza. Alifuta sahani mpaka ikang'aa. Nikaichukua, nikaiosha mbele yake, nikaikausha, nikaiweka kabatini. Nikatembea naye mpaka getini nikalifungua wazi ili gari lipite. Alikuwa amesimama bado na mikono mitupu, akitazama mlango wa jikoni, kana kwamba kuna mtu anakuja na masinia.

"Sungura hutoka kabla ya mstari," nikamwambia. "Hilo wewe unalijua kuliko mtu yeyote."

Alielewa. Niliona akielewa, na nitaikumbuka ile sura hata nikisahau majina ya wanangu. Alipanda gari akaondoka. Usiku ule nililala usingizi mzito sana, na mke wangu akanigeuzia mgongo.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa mimi ndiye ninayetunga, ningeishia hapo.

Baada ya muda mke wangu alirudi kutoka sokoni akiwa anacheka peke yake. Alikuwa amekutana na mmoja wa wasichana wa kambi. Jioni ile, mama wa watu alipoona bwana yake amerudi mikono mitupu, alifuta machozi, akachinja mbuzi, akasonga ugali mkubwa, akachuma mboga ya managu nyuma ya nyumba, akatoa na mursik. Alivileta mezani vikiwa vimefunikwa vizuri kwenye zile hotipoti zake. Rafiki yangu alisimama kuwaomba wageni radhi kwa ajili ya tambi. Kocha wao akashangaa. Tambi wanakula kwao kila siku mpaka zimewachosha, akasema. Hawakupanda ndege kuja huku kula tambi. Wamekuja kula wanachokula mabingwa. Walikula kwa mikono. Wakaomba kuongezewa. Yule kocha sasa huleta watu kila msimu, na amewaambia wenzake, na kambi imeongezwa vyumba. Tambi hazipikwi pale tena.

"Rafiki yako amekutumia salamu," mke wangu akasema, akishika mlango asianguke kwa kicheko. "Mwenyewe alimwambia yule msichana, ukikutana na watu wa Kimumu, waambie sungura amenivuta tena."

Nilikaa chini.

Friza bado imejaa. Wanangu wakiona sufuria kubwa wanauliza kwa nini hatuli ugali kama watu wengine, na majirani siku hizi huniambia asante wameshiba kabla sijawakaribisha. Jana nilitoa viota viwili kutoka chini kabisa, vile vya siku za mwanzo nilipokuwa bado naamini, nikavitia kwenye maji nikala peke yangu nimesimama. Vilikuwa vizuri kama siku nilipovikata. Mke wangu alipita akaniuliza nitaviweka mpaka lini.

Nikamwambia vikiwekwa vizuri haviharibiki, nikafunga friza, nikaenda kuosha uma.